Dhahabu Inayosoma Damu

Siku za mwanzo Ebola haina alama ya peke yake. Mtoto anashikwa na joto kali, kichwa kinamgonga, anatapika, viungo vinamlegea. Malaria hufanya hivyohivyo, na homa ya matumbo pia. Kuvuja damu, ambako wengi hudhani ndiyo sura ya Ebola, ni hatua ambayo wagonjwa wengi hawaifikii, na wanaoifikia mara nyingi huwa wamekwisha kuwaambukiza waliowauguza. Mwezi Agosti 2018, muuguzi wa kituo kidogo cha Mangina au cha mtaa wa Beni, mashariki ya Kongo, alikuwa na glavu, kipimajoto na macho yake. Macho hayakutosha.

Tarehe 1 Agosti mwaka huo serikali ya Kongo ilitangaza kwamba Ebola imeingia Kivu ya Kaskazini. Sampuli 6 za damu zilikuwa zimesafirishwa hadi Kinshasa, kwenye Taasisi ya Taifa ya Utafiti wa Tiba na Viumbe, INRB, na 4 kati yake zikakutwa na virusi. Ilikuwa imepita wiki moja tu tangu mlipuko mwingine, ule wa jimbo la Équateur upande wa magharibi, utangazwe kuwa umekwisha. Huu wa mashariki ungedumu hadi tarehe 25 Juni 2020. Ungeshika watu 3,470 na kuua 2,287 kati yao, mlipuko wa pili kwa ukubwa katika historia ya ugonjwa huo, nyuma ya ule wa Afrika Magharibi.

Katika miezi hiyohiyo malaria ilipanda. Shirika la Afya Duniani, WHO, liliripoti kwamba katika Kivu ya Kaskazini wagonjwa wa malaria walikuwa wameongezeka hata mara 8 kuliko kipindi kama hicho mwaka uliotangulia, na kwamba hadi nusu ya watu waliochunguzwa katika vituo vya Ebola walikutwa na malaria tu. Tuupime uzito wa jambo hilo. Mama ana malaria. Anapelekwa nyuma ya uzio wa plastiki, anapokewa na watu waliovaa mavazi yanayofunika hadi macho, anasubiri jibu karibu na watu ambao baadhi yao wana Ebola kweli. Kipimo cha kwanza kikisema hana, bado hawezi kwenda nyumbani, maana virusi katika siku za mwanzo huwa vichache mno kuonekana. Lazima apimwe tena baada ya siku mbili au tatu. Familia iko nje, uvumi unapita mtaani, na kila saa ya kusubiri inaongeza hofu kwa walioko ndani na hasira kwa walioko nje. Mwezi Novemba 2018 ikabidi kuanzishwa kampeni ya kuwapa dawa ya malaria watu hadi 450,000 wa eneo la Beni, wengi wakiwa hawajapimwa, ili homa zisizo za Ebola zipungue na vituo vipate nafasi ya kupumua.

Dawa ilitolewa eneo zima kwa sababu homa moja haikuweza kutofautishwa na nyingine haraka, karibu na kitanda cha mgonjwa. Sura hii inahusu vyombo vinavyojaribu kuitofautisha, na vingi kati yake vimejengwa kwa chembe ndogo mno za dhahabu.

Seli hai haikai kimya. Kila saa inatoa kitu nje yake: homoni, protini, chumvi, taka. Seli za kondo la nyuma, mara tu mimba inapojishikiza, huanza kumwaga homoni iitwayo hCG ambayo huingia katika damu ya mama, kisha katika mkojo. Kipimo cha mimba kinachouzwa katika famasi za mji wa Butembo husoma homoni hiyo tu, hakimtazami mtoto wala tumbo. Kimelea cha malaria, Plasmodium falciparum, nacho ni kiumbe cha seli moja. Kikiwa ndani ya chembe nyekundu ya damu hutengeneza protini iitwayo HRP2 na kuimwaga katika damu ya mgonjwa. TDR ya malaria, yaani kipimo cha haraka ambacho kila muuguzi wa Kongo anakijua, hutafuta protini hiyo.

Ebola inafanya jambo la kushangaza zaidi. Kirusi si seli na hakiwezi kutoa chochote chenyewe. Kinaingia katika seli ya mtu na kuilazimisha ifanye kazi yake. Katika jeni ambayo tungetarajia itengeneze miiba ya kirusi, ile kinayotumia kujishikiza kwenye seli nyingine, sehemu kubwa ya kazi ya seli iliyotekwa huishia kwenye protini tofauti. Ni protini fupi, isiyojenga kirusi chochote, inayomwagwa nje na kuelea katika damu. Wataalamu huiita sGP. Wengi wao huiona kuwa mtego: kingamwili za mgonjwa huhangaika nayo wakati virusi vyenyewe vinasonga mbele. Wakati huohuo seli za kinga zilizovamiwa zinamwaga saitokini, protini za kupigia kengele ya hatari, kwa wingi unaodhuru mishipa na figo kuliko unavyosaidia. Kwa hiyo damu ya mgonjwa wa Ebola imejaa taarifa zilizotolewa na seli zake mwenyewe, na kazi iliyobaki ni kuzisoma, nayo hapa hufanywa na dhahabu.

Dhahabu ya Ituri na ya Lubero hupita mikononi mwa wafanyabiashara wa Butembo, ikavuka mpaka kuelekea Kampala na Dubai. Watu wa huko wanaijua dhahabu kwa rangi yake ya manjano na kwa uzito wake kwenye mizani. Lakini rangi ya manjano ni ya kipande kikubwa. Dhahabu ikigawanywa hadi chembe moja iwe na upana wa nanomita 20 au 40 hivi, na nanomita ni sehemu moja ya milioni ya milimita, ikaelea katika maji, maji yanakuwa mekundu kama divai. Michael Faraday alilieleza jambo hili mbele ya wanasayansi wenzake jijini London mwaka 1857, na baadhi ya chupa zake za dhahabu nyekundu zimehifadhiwa hadi leo katika taasisi aliyofanyia kazi. Sababu ni elektroni za chembe hiyo. Mwanga ukizipiga, zote hutikisika kwa pamoja, na kwa ukubwa huo zinanyonya zaidi mwanga wa kijani na kuuachia mwekundu upite. Hakuna rangi iliyotiwa. Wekundu ni umbile la dhahabu yenyewe inapokuwa ndogo kiasi hicho.

Kuna jambo la pili lililoifanya dhahabu ifae. Haioti kutu, haiozi, na protini hujishikiza juu yake bila taabu kubwa. Mwanakemia anachukua chumvi ya dhahabu, anaichemsha na sitrati, ndugu ya ile asidi ya ndimu, na baada ya dakika chache anapata mabilioni ya chembe zinazolingana. Kisha anazivika kingamwili, protini ambayo mwili hutengeneza ili kumtambua adui mmoja na kumshika. Tangu mwaka 1975, Georges Köhler na César Milstein walipovumbua njia ya kukuza kingamwili za aina moja tu maabarani kwa wingi wowote unaotakiwa, kazi hii ikawa ya kiwandani.

Sasa kipimo chenyewe. Ni ukanda wa karatasi ya pekee ndani ya kijumba cha plastiki. Tone la damu na matone machache ya dawa huwekwa upande mmoja, na karatasi inayanyonya kuelekea upande wa pili bila pampu wala umeme. Njiani damu inakutana na chembe za dhahabu zilizokaushwa zikisubiri. Protini inayotafutwa ikiwemo, dhahabu inaishika na zinasafiri pamoja. Mbele kidogo kuna mstari usioonekana wa kingamwili nyingine zilizogandishwa kwenye karatasi, nazo zinaishika protini ileile kwa upande wake wa pili. Dhahabu inakwama hapo. Chembe zikikusanyika za kutosha, mstari mwekundu unatokea. Chembe zilizosalia zinaendelea hadi mstari wa mwisho, ule unaothibitisha kwamba kipimo kimefanya kazi. Dhahabu yote iliyotumika haifikii hata sehemu ya elfu moja ya gramu, na mchimbaji wa mtoni asingeinama kuiokota.

Neno lililobeba uzito wote hapo ni “za kutosha”. Jicho la mtu haliioni chembe moja ya dhahabu ya nanomita 40. Chembe 25,000 zikipangwa moja baada ya nyingine ndipo zinafika milimita moja. Protini zikiwa chache katika tone la damu, dhahabu chache zitakwama, na karatasi itabaki nyeupe ingawa ugonjwa umo. Ukanda huu hauongezi chochote. Unahesabu kilichopo, na ukihesabu kidogo unanyamaza.

Mashine iliyotegemewa Beni na Butembo hufanya kinyume chake. GeneXpert haitafuti protini, inatafuta maandishi ya kinasaba ya kirusi, na inayarudufu. Nakala moja inakuwa mbili, mbili zinakuwa nne. Baada ya mizunguko 40 nakala moja ingeweza kuwa zaidi ya bilioni elfu moja. Kwa hiyo hata virusi vichache vinaonekana, na jibu hutoka kabla ya saa mbili kwisha. INRB iliifikisha Beni katika siku za mwanzo za Agosti 2018, na baadaye maabara nyingine zikafunguliwa Mangina, Butembo, Katwa, Goma na kwingineko. Hadi mwisho wa mlipuko sampuli 220,000 zilikuwa zimepimwa. Timu ya Profesa Jean-Jacques Muyembe, aliyekuwako Yambuku mwaka 1976 ugonjwa huu ulipojulikana kwa mara ya kwanza, na wenzake kina Steve Ahuka na Placide Mbala, haikuwahi kufanya kazi kwa kasi kama hiyo.

Mashine ilitoa zaidi ya “ndiyo” na “hapana”. Idadi ya mizunguko iliyohitajika kabla virusi havijaonekana ilikuwa kipimo cha wingi wake: mizunguko michache, virusi vingi. Katika utafiti wa tiba uitwao PALM, uliofanyika Beni, Butembo, Katwa na Mangina kuanzia Novemba 2018 hadi Agosti 2019 na kuwahusisha wagonjwa 681, namba hiyo iligawanya hatima za watu. Waliopewa kingamwili ya mAb114 wakiwa na virusi vichache, yaani zaidi ya mizunguko 22, walikufa takriban 10 katika kila 100. Waliopewa dawa hiyohiyo wakiwa wamekwisha kujaa virusi walikufa takriban 70 katika kila 100. Na kila siku iliyopita kati ya homa ya kwanza na kuanza tiba ilizidisha uwezekano wa kufa kwa kiasi cha asilimia 11. Sijui takwimu nyingine ya mlipuko ule inayosema kwa ukali zaidi kwa nini kipimo cha mapema ni suala la uhai.

Hiyo mAb114 ina habari yake. Kingamwili hiyo ilitoka katika damu ya mtu aliyepona Ebola ya Kikwit ya mwaka 1995. Molekuli ya namna hiyohiyo, kingamwili, ndiyo inayovikwa juu ya chembe za dhahabu. Inayoponya na inayopima ni watoto wa baba mmoja. Tofauti ni kwamba moja imeachwa huru katika damu ya mgonjwa na nyingine imefungwa kwenye dhahabu ili ionekane.

Lakini mashine ina masharti. Inataka umeme usiokatika, na Butembo ni mji uliokua kwa biashara huku ukiishi miaka mingi kwa jenereta. Inataka katriji za bei kubwa, mtaalamu aliyefunzwa, na kisanduku salama cha kuulia virusi katika damu kabla haijaguswa. Nayo ina upofu wake. Inatafuta jeni mbili za Ebola, moja ikiwa ya mwiba wa kirusi, na chanjo waliyopewa zaidi ya watu 300,000 katika mlipuko huo imebeba jeni hiyohiyo ya mwiba. Mtu aliyechanjwa juzi akapata malaria leo angeweza kuonyesha jeni hiyo bila kuwa na Ebola. Ilibidi wataalamu waiangalie kwanza jeni ya pili, ambayo chanjo haina. Zaidi ya hayo yote, mashine inakaa mjini, na mgonjwa anaweza kuwa safari ya siku nzima kwa miguu, kwa pikipiki, au amelazwa juu ya chukudu, baiskeli ya mbao.

Ndiyo maana ukanda wa dhahabu ulitamaniwa sana. Unaingia mfukoni na hauhitaji umeme, na jibu lake hupatikana kwa dakika 15 hadi 30. Mwezi Oktoba 2019 mamlaka ya dawa ya Marekani iliidhinisha OraQuick iuzwe, kipimo cha kwanza cha haraka cha Ebola kupata kibali hicho huko. Kinatafuta protini iitwayo VP40, inayokaa chini ya ngozi ya kirusi. Hata maiti inaweza kupimwa nacho, kwa ute wa kinywani, na katika eneo ambalo mazishi yalikuwa uwanja wa ugomvi kati ya familia na timu za afya, hilo si jambo dogo.

Je, vinafaa? Hapa wanasayansi wa Kongo walifanya jambo ambalo naliona kuwa la thamani kuliko mashine zote zilizoletwa kwa ndege. Daniel Mukadi-Bamuleka wa INRB na wenzake walichukua vipimo vitatu vya haraka, OraQuick, QuickNavi kutoka Japani na Coris kutoka Ubelgiji, wakavilinganisha na GeneXpert kwa sampuli za mlipuko uleule, katika maabara za mashariki ya Kongo. Matokeo yalichapishwa mwaka 2022. Kati ya wagonjwa 100 wenye Ebola, QuickNavi ingewatambua takriban 87, OraQuick takriban 57, na Coris takriban 39. Kwa wasio na ugonjwa vyote vilifanya vizuri, ni wachache sana waliosingiziwa. Hata hivyo hakuna kilichofikia kiwango kinachotakiwa na WHO.

Tusome namba hizo kwa utulivu. Hazisemi kwamba dhahabu ni ya uongo. Mstari mwekundu ukitokea katikati ya mlipuko, mgonjwa atengwe mara moja na gari liitwe. Karatasi ikibaki nyeupe, haijamwachilia mtu. Mgonjwa aliye siku ya pili, ambaye seli zake bado hazijamwaga protini za kutosha, ndiye anayekosekana, na huyohuyo ndiye dawa ingemwokoa kwa urahisi zaidi. Kipimo kinafanya kazi vizuri zaidi kwa wagonjwa walio karibu na kifo na kwa maiti. Kasoro hiyo imo katika hesabu ya molekuli, na kumfunza muuguzi upya hakutaibadilisha.

Malaria nayo ina kasoro ya upande wa pili. Protini ya HRP2 hubaki katika damu kwa wiki kadhaa baada ya kimelea kufa, hivyo TDR inaweza kuonyesha malaria iliyokwisha tibiwa mwezi uliopita. Mwenye mstari mwekundu wa malaria anaweza pia kuwa na Ebola kwa wakati mmoja. Wauguzi wa Beni walilazimika kulijua hilo haraka, kwa sababu kosa lake lilikuwa kumrudisha mgonjwa nyumbani na vidonge vya malaria.

Swali la wanaoshughulika na vyombo vya nano, basi, ni hili: namna gani ya kushika molekuli chache zaidi na kuzifanya zionekane? Jibu moja ni umbo la sahani inayozishika. Mkulima wa milima ya Lubero anajua kwamba mlima una ardhi nyingi kuliko uwanda unaochukua nafasi ileile kwenye ramani, na akiuchonga matuta anapanda zaidi. Wataalamu wanafanya hivyo kwa sahani ya kupimia: wanaiotesha nguzo, vinyweleo, matundu na mikunjo ya upana wa nanomita chache, na eneo moja dogo linabeba kingamwili nyingi zaidi ya eneo lililo laini.

Jibu jingine ni kuacha kutegemea jicho. Mwaka 2001, Charles Lieber na wenzake wa Chuo Kikuu cha Harvard walionyesha kwamba uzi wa silikoni wenye upana wa nanomita chache hubadilisha mkondo wake wa umeme pale protini inapoushika, kwa kuwa protini ina chaji na uzi ni mwembamba mno kiasi kwamba kilicho juu yake kinauathiri wote. Mwaka 2010 kundi la Michael Strano wa MIT lilitumia mirija ya kaboni inayong’aa, likaweka seli hai za mtu juu yake, na likaona mwanga ukififia hatua kwa hatua kila molekuli ya haidrojeni peroksaidi iliyotolewa na seli hizo ilipogusa mrija. Molekuli mojamoja, kutoka seli iliyo hai, bila kuiua wala kuipasua. Ukanda wa karatasi unahitaji mamilioni ya molekuli ili unene, na hapa molekuli moja imesomwa. Ila hilo lilifanyika kwenye meza tulivu, chini ya darubini ya thamani kubwa. Damu ya mtu ni tope la protini, na nyingi hujishikiza ovyo popote zinapopata nafasi. Vyombo vingi vizuri vimekufa kati ya maji safi ya maabara na damu ya kweli.

Njia ya tatu ni kuchagua vizuri kitu cha kutafuta. Kama seli zilizotekwa zinamwaga sGP kwa wingi, na mapema, kwa nini tuhangaike na protini iliyojificha ndani ya kirusi? Watafiti wa Chuo Kikuu cha Arizona State wameunda chembe za dhahabu zilizovikwa kingamwili ndogo za kutengenezwa ambazo hushikana kwa sababu ya sGP, zikazama pamoja, na maji yaliyokuwa mekundu yakaanza kupauka. Wekundu unapimwa kwa taa ndogo na kifaa rahisi cha umeme badala ya jicho. Ile protini ambayo kirusi huitumia kutega kinga ya mwili ingekuwa yenyewe inayokifichua. Mimi natia tumaini langu kubwa zaidi hapa, ingawa chombo hicho bado kinahitaji kupita katika joto, vumbi na damu ya mahali kama Beni.

Kila chombo cha namna hii kinamtambua yule tu aliyefundishwa kumtambua. Mwezi Septemba 2022 Uganda ilitangaza Ebola huko Mubende, na ilikuwa ya aina ya Sudan. Katriji ya Ebola ya GeneXpert, iliyotengenezwa kwa ajili ya aina ya Zaire, haiwezi kuiona. Watu 55 waliothibitishwa kuwa nayo walikufa kabla mlipuko haujakwisha Januari 2023. Beni iko ng’ambo tu ya mto Semuliki kutoka Bundibugyo, wilaya ya Uganda ambako mwaka 2007 ilipatikana aina nyingine mpya ya Ebola, na ambayo mwaka 2012 ilizuka Isiro nchini Kongo. Watu huvuka mpaka huo kila siku, kwa soko, kwa ndoa, kwa kukimbia vita. OraQuick, pamoja na udhaifu wake wa kuona kidogo, inaziona aina hizo zote tatu. Kule Makerere, Misaki Wayengera alitumia miaka mingi kuunda kipimo cha karatasi cha familia nzima ya virusi hivi, akijua kwamba mgonjwa wa mpakani haji na jina la kirusi mkononi.

Kuna jambo ambalo hakuna nanomita inayolitatua. Watu wa eneo la Beni wamekuwa wakiuawa tangu Oktoba 2014, na hakukuwa na kipimo wala chanjo ya kuwazuia wauaji. Ebola ikaja na magari mapya, fedha nyingi na wageni. Watu wakauliza kwa nini dunia iliwahi mbio kwa ugonjwa huu na si kwa mapanga. Mwezi Desemba 2018 uchaguzi ukaahirishwa Beni na Butembo, na Ebola ikatajwa kuwa moja ya sababu. Wengi wakaamini kwamba ugonjwa umebuniwa. “Ebola ni biashara” likawa neno la mtaani. Februari 2019 vituo vya matibabu vya Katwa na Butembo vilichomwa moto. Tarehe 19 Aprili mwaka huo, Dkt. Richard Valery Mouzoko Kiboung, mtaalamu wa magonjwa ya mlipuko kutoka Kameruni, aliuawa kwa risasi akiwa kikaoni katika hospitali ya chuo kikuu mjini Butembo.

Jibu la maabara lililotoka nyuma ya uzio halikuaminika, hata lilipokuwa la kweli. Hapo ukanda wa karatasi una uwezo mmoja ambao mashine haina: mstari unajitokeza mbele ya macho ya mwenye damu yake. Mama anaweza kuutazama ukijichora. Shirika la ALIMA lilipoleta Beni vyumba vya plastiki angavu, ambapo familia ilimwona mgonjwa wake na kuzungumza naye, lilikuwa limeelewa jambo hilohilo. Chombo kinachoonekana kikifanya kazi huaminika kuliko cheti kilichopigwa muhuri. Watengenezaji wa vyombo vya nano wangelifikiria hilo tangu mchoro wa kwanza, wasije wakauficha mstari ndani ya simu ya daktari.

Kilichobaki mashariki baada ya mlipuko ule ni watu wanaojua kupima. Mwezi Februari 2021 Ebola ilirudi Butembo, ikathibitishwa na maabara ya INRB iliyoko mjini humohumo, na ikazimwa kwa wagonjwa 12. Oktoba mwaka huohuo ikarudi Beni, wagonjwa 11. Agosti 2022 ikarudi Beni tena, na mgonjwa akawa mmoja tu. Usomaji wa jeni ulionyesha kwamba virusi hivyo vilitokana na mlipuko mkubwa wa zamani. Vilikuwa vimejificha katika mwili wa mtu aliyepona, kwa kiasi ambacho ukanda wowote wa leo usingekiona. Kutoka 3,470 hadi mmoja: tofauti hiyo ilitokana na chanjo, ndiyo, na pia na jibu lililopatikana karibu na mgonjwa, mapema.

Kwa hiyo nasema na wanafunzi wa tiba, kemia na fizikia wa Butembo, wa Beni, wa Goma na wa Bunia. Chumvi ya dhahabu na sitrati si vitu vya ajabu. Kutengeneza chembe nyekundu ni zoezi la siku moja katika maabara ya kawaida ya chuo. Kazi ngumu ni kujua kipimo kitafanya nini katika joto la Mangina, katika damu yenye malaria na Ebola pamoja, kwa mgonjwa wa siku ya pili, na kazi hiyo haiwezi kufanywa Boston wala Tokyo. Mukadi-Bamuleka na wenzake wameianza. Vyuo vyenu viidai nafasi ya kuiendeleza, na serikali na wafadhili wailipie wakati hakuna mlipuko, kwa sababu siku ukizuka, muda wa kujaribu utakuwa umekwisha.